Umeme na kumbukumbu: ugumu uko kwenye wakati

Orodha ina maneno 12. Moja linatokea kwenye skrini, linapotea, linakuja jingine. Baada ya la mwisho mgonjwa hupewa hesabu ndogo za kujumlisha ili asiyarudierudie maneno kimoyomoyo, kisha huambiwa ataje anayoyakumbuka, kwa mpangilio wowote. Muda wote huo elektrodi zilizowekwa ndani ya fuvu zinausoma ubongo wake. Hii ndiyo kazi ya Michael Kahana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliyogharamiwa na DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani. Matokeo yao ya 2018 hutajwa sana watu wanapouliza kama umeme unaweza kumwongezea mtu kumbukumbu.

Unaweza, kidogo, na kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yanayoitenga maabara na mikanda ya umeme ya kichwani inayouzwa mtandaoni, ambayo mzazi wa Kisauni hapa Mombasa anaweza kuiagiza kwa simu akimfikiria mwanawe anayekabiliwa na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari.

Kwanza, hakuna aliyefunguliwa fuvu kwa ajili ya kumbukumbu. Watu 25 wa utafiti ule walikuwa wagonjwa wa kifafa ambao dawa ziliwashinda, na madaktari walikuwa wamewapandikiza elektrodi ili wajue degedege linaanzia wapi. Wakiwa wodini wakisubiri, walikubali kufanya majaribio. Vikao vya mwanzo havikuwa na umeme wowote: kompyuta ilisikiliza tu, ikajifunza ubongo wa kila mmoja hufanyaje linapoingia neno litakalokumbukwa na linapopita neno litakalosahaulika. Alama hizo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Ndipo vikaja vikao vya umeme. Kompyuta ilipoona dalili kwamba neno linakaribia kupotea, ilituma mkondo wa nusu sekunde. Ilipoona mambo ni mazuri, ilinyamaza.

Pale mkondo ulipopelekwa kwenye tabaka la nje la ubongo upande wa kushoto, karibu na sikio, kukumbuka kuliongezeka kwa asilimia 15. Ulipopelekwa mahali pengine, faida haikuonekana. Tufanye hesabu: anayekumbuka maneno 4 kati ya 12 atafika 4.6. Hata neno moja zima halijatimia. Kwa mwanasayansi hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa limejirudia katika orodha nyingi na haliwezi kuitwa bahati. Kwa mnunuzi wa mkanda, ni pungufu ya neno moja.

Mwaka uliotangulia, 2017, kundi hilohilo lilionyesha kwa nini kompyuta lazima ingoje. Umeme uliofika ubongo ukiwa umelegea ulisaidia. Uliofika ubongo ukiwa tayari unashika vizuri uliharibu. Hamali anaelewa: mkokoteni uliokwama husukumwa, lakini ukiusukuma unaoteremka unamwangusha aliye mbele.

Jambo hili laweza pia kuelezea ugomvi wa muda mrefu kidogo. Mwaka 2012 Nanthia Suthana, Itzhak Fried na wenzao wa Los Angeles walichapisha utafiti wa wagonjwa 7 waliocheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha teksi, wakiwapeleka abiria madukani, kama dereva mgeni wa tuktuk anayejifunza vichochoro vya Mji wa Kale. Walipopewa mkondo kwenye mlango wa hipokampasi, sehemu ya ndani inayotengeneza kumbukumbu mpya, walikumbuka njia vizuri zaidi. Mwaka 2016 Joshua Jacobs na wenzake walijaribu eneo hilo pamoja na hipokampasi yenyewe kwa watu 49, kumbukumbu ikashuka. Mkondo wa majaribio yote mawili ulikuwa wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kasi ileile ya umeme wa nyumbani kwetu. Wengine husema tofauti iko kwenye milimita chache za mahali elektrodi ilipotua. Huenda. Mimi naona umeme usioangalia saa, popote utakapowekwa, ni wa kubahatisha.

Upande wa pili una hoja nzito. Robert Reinhart wa Chuo Kikuu cha Boston hapasui mtu. Katika utafiti wake wa 2022 watu 150 wa miaka 65 hadi 88 walivaa kofia ya elektrodi dakika 20 kwa siku, siku 4 mfululizo, wakipewa mkondo hafifu unaopanda na kushuka kwa mdundo maalumu, huku kundi la kulinganishia likivalishwa vifaa vilevile bila mkondo kamili. Kumbukumbu iliboreka, na mwezi mmoja baadaye bado ilionekana. Hapakuwa na kompyuta ya kungoja neno linalopotea. Je, saa haina maana tena?

Ina maana, ila imehamia kwingine. Waliofaidika zaidi kwa Reinhart ni wale ambao uwezo wao ulikuwa chini tangu mwanzo. Tena mwaka 2023 kundi la Kahana liliripoti watu 8 waliowahi kuumia vibaya kichwani, nao walipanda kwa asilimia 19. Nikiviweka pamoja, naona umeme unaziba pengo. Pasipo pengo hauna cha kuziba. Kijana wa miaka 17 mwenye afya ndiye anayefaidika kidogo kuliko wote, na ndiye anayelengwa na matangazo. Halafu kuna gharama iliyofichika: mwaka 2013 Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford walionyesha kwamba mkondo uliowasaidia watu kujifunza alama mpya za namba uliwapunguzia wepesi wa kuzitumia bila kufikiri, na ukihamishwa mahali pengine kichwani mambo yaligeuka kinyume.

Na kifaa chenyewe? Mkanda wa kawaida una sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi na mkondo wa miliampea 1 hadi 2. Sehemu kubwa ya mkondo huo hupita kwenye ngozi na fuvu bila kugusa ubongo. Kipimo kilichofanywa juu ya maiti mwaka 2018 kilikuta takriban robo tatu inapotea. Sponji ikikauka, umeme hujikusanya kwenye vidoa vichache na kuunguza ngozi. Ikilowa kupita kiasi, maji yanatiririka, sponji mbili zinaungana na mkondo unapita juu ya kichwa tu. Joto la Mombasa linafanya yote mawili, maana jasho ni maji ya chumvi ambayo hakuna aliyeyapima. Nywele zilizosukwa rasta huinyanyua sponji isiguse ngozi sawasawa. Betri ya volti 9 haiwezi kutoa miliampea 2 ukinzani ukizidi omu 4,500, kwa hiyo kifaa cha bei rahisi kinaweza kuwasha taa ya kijani huku hakifanyi kitu. Mwenye kifafa asikiguse kabisa bila daktari wake.

Anayetaka asilimia kwa ajili ya mtihani, zipo bila betri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo matini ya kusoma. Baada ya wiki, walioisoma mara moja na kujipima bila kuangalia walikumbuka asilimia 56. Walioisoma mara mbili, asilimia 42. Mwalimu wa madrasa anayemtaka mtoto adurusu somo la jana kwa ghibu kabla ya kupewa aya mpya anafanya hivyohivyo, na bakora si sehemu ya matokeo.

Pengo la kweli hapa Mombasa liko wodini katika hospitali ya Makadara, kwa kijana aliyeanguka na bodaboda na sasa husahau alichoambiwa asubuhi. Kwake asilimia 19 si kitu cha kubeza. Lakini wale watu 8 walikuwa na elektrodi kwa sababu ya kifafa, si kwa sababu ya kusahau, na kumpandikiza mtu kwa kusahau peke yake ni kumpasua fuvu, na hatari ya damu kuvuja na maambukizi. Walioharakisha wamekwisha kuumia matumaini: jaribio la ADvance liliwawekea wagonjwa 42 wa Alzheimer waya za kudumu ubongoni, zikawashwa kwa nusu yao, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliowashiwa na wasiowashiwa. Zile waya zilikuwa zikifanya kazi mfululizo, usiku na mchana, bila kungoja chochote.