Jina la Ubaoni Liwe Ndilo Jina la Kwenye Taarifa ya Benki

Hoja yangu ni moja na ninaitanguliza: kila muuzaji anayepokea pesa kwa kadi au kwa simu alazimishwe kutumia kwenye muamala lile jina ambalo mteja alilisoma dukani. Jina la kampuni mama halitoshi, wala la mwenye leseni, wala la shemeji aliyesajili laini. Benki nayo iache kumkabidhi mteja mstari wa herufi zilizokatwa katikati, kisha imsihi kwa ujumbe wa simu kwamba ahakiki miamala yake mara kwa mara. Atahakiki nini asichoweza kukisoma?

Ninashika daftari la kikundi cha akina mama wanaofuma na kutunga shanga hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mambo haya nayaona kila mwezi. Vitambaa na nyuzi za kawaida tunapata Kariakoo. Shanga ndogo zenye tundu lililo sawasawa, nyuzi za nailoni zisizokatika upesi na baadhi ya ndoana za kufumia tunaagiza nje. Watalii wanaonunua mkufu wa Kimasai, na sisi wenyewe pia, hatukumbuki sana kwamba shanga zenyewe kwa sehemu kubwa zinatengenezwa Jamhuri ya Cheki, kwenye eneo la mji wa Jablonec nad Nisou, ambako kazi ya kioo ni ya karne nyingi. Zile zinazolingana ukubwa kabisa, punje kwa punje, hutoka Japani. Basi fundi wa hereni aliyeko Mbagala anaweza kukuta Ulaya ya kati kwenye taarifa yake ya benki na mambo yakawa halali kabisa.

Tatizo ni namna mstari wenyewe unavyoandikwa. Katika mfumo wa kadi, jina la mfanyabiashara hutengewa herufi 22 au 25 hivi, kutegemea mtandao wa kadi. Baada ya hapo huja mji, kisha herufi chache za nchi. Nafasi ni hiyo tu. Duka dogo likiwa linapokea malipo kupitia wakala, yaani kampuni inayolipokelea malipo ya kadi, wakala naye hutanguliza alama yake ndani ya nafasi hiyohiyo: ukiona SQ na nyota, hiyo ni Square, ukiona PAYPAL na nyota, ni PayPal. Jina la duka linabanwa kwenye kilichobaki na mara nyingi linakatwa kabla halijaisha. Mji nao unaweza kuwa ule ambako kampuni imesajiliwa, huku mzigo wako umetoka ghala la nchi nyingine. Kuna maduka ya mtandaoni ambayo mahali pa mji huweka namba ya simu. Mtu asiyejua haya anaona msimbo wa wizi.

Kiasi nacho hakisaidii. Bei uliyoiona ilikuwa ya dola au yuro. Kilichokatwa ni shilingi, kwa kiwango cha siku ambayo muamala ulifungwa, ambayo inaweza kuwa siku kadhaa baada ya wewe kubonyeza kitufe cha kulipa. Benki inaongeza ada yake ya kubadilisha fedha. Na wapo wauzaji ambao hawakati pesa mpaka mzigo utoke ghalani, na kama shanga nyekundu zipo lakini za buluu zimeisha, watatuma mara mbili na kukata mara mbili. Oda moja inageuka mistari miwili, na hakuna hata mmoja unaolingana na ile jumla uliyoikariri.

Haya yaliwahi kutufika. Kikundi chetu huagiza kwa kadi ya mwenzetu mmoja, naye hurudishiwa pesa zake baada ya kuonyesha taarifa yake ya benki kikaoni. Siku moja taarifa ile ilikuwa na makato mawili kutoka jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, katika mji ambao hatukuagiza kitu. Hakuna aliyemshutumu kwa kinywa. Lakini ninyi mnaojua vikao vya kikundi mnajua ule ukimya, na yale maswali yanayoulizwa kwa adabu nyingi mno: "Dada, hii nayo ni ya kikundi?" Mama yule alikuwa ametoa fedha yake mwenyewe kutusaidia, na akakaa pale akijitetea juu ya maneno ambayo hakuyaandika yeye. Ukweli ulipatikana kwenye barua pepe ya duka. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na jina la kampuni inayomiliki duka lile, na ndilo lililokuwa kwenye taarifa. Zile pesa mbili zilikuwa za vifurushi viwili vya oda yetu. Alirudishiwa zote. Hata hivyo alisema kadi yake hataitoa tena, na mimi sina cha kumlaumu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba habari ambayo ingemaliza jambo hilo kwa dakika moja benki inayo. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi hupewa namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara yake. Maduka ya vifaa vya sanaa na kazi za mikono ni 5970. Vitambaa, nyuzi na vifaa vya ushonaji ni 5949. Namba hiyo inasafiri pamoja na muamala. Kwa nini isigeuzwe maneno na kuwekwa chini ya jina? "Vifaa vya kazi za mikono" tu, kwa Kiswahili, ingetosha kumwambia mama wa watu kwamba hizi ni zile shanga. Najua namba hiyo hufuata biashara kuu ya muuzaji, kwa hiyo duka la vitabu linalouza pia nyuzi litaonekana kama duka la vitabu. Bado ingekuwa mwanga kuliko herufi zilizokatwa.

Malipo ya simu yametutendea vizuri zaidi, na tuyape haki yake. Ukilipa kwa Lipa Namba, jina linatokea kwenye kioo kabla hujaingiza namba ya siri, ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji. Ukiona halieleweki unauliza palepale. Kwenye kadi jina unalikuta baadaye, peke yako, nyumbani. Lakini hata kwenye simu jina linalotokea ni lile lililosajiliwa, na Kariakoo kuna maduka ambayo ubao unasema moja na simu inasema jina la mtu usiyemjua. Mwenye duka atakwambia "ni huyohuyo, lipia tu," nawe unalipa. Mwisho wa mwezi mume, mke au mweka hazina anauliza huyu Bwana fulani ni nani. Ndiyo maana kikundini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haitupwi: ina jina la mlipakodi na TIN, yaani namba yake ya kodi, na mara nyingi jina hilo ndilo litakaloungana na lile la kwenye simu. Tunaandika nyuma yake kwa kalamu: uzi, duka la kona, pesa imelipwa kwa namba gani.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi, mteja apinge tu muamala na benki imrudishie. Naomba wamfikirie fundi aliyeko upande wa pili. Kwa kadi za Visa na Mastercard, mteja mara nyingi ana siku 120 za kupinga. Akipinga muamala halali kwa sababu tu hakulitambua jina, muuzaji ananyang'anywa pesa wakati mzigo umeshakwenda, na wakala wake wa malipo humtoza ada juu yake. Duka kubwa linameza hasara hiyo. Dada anayeuza nyuzi alizotia rangi kwa mikono yake hawezi. Anaadhibiwa kwa sababu fomu aliyojaza siku ya kwanza ilimwomba jina la kisheria na hakuna aliyemweleza kwamba hilo ndilo litakalochapwa kwa wateja wake.

Sisemi kila jina geni ni la heri. Wezi wa kadi hujaribu kwanza kwa kiasi kidogo, kidogo hivi kwamba unaona uvivu kufuatilia, na kadi ikikubali ndipo wanakuja na kubwa. Kuna pia ile mitandao inayokupa michoro ya ufumaji bure kwa wiki moja, halafu inaanza kukukata kila mwezi kwa sababu uliweka kadi. Huo si wizi kwa maana ya sheria labda, lakini utaukuta kwenye taarifa kwa jina ambalo halifanani na michoro wala ufumaji. Ukikuta mstari usioujua, tafuta kwenye barua pepe kwa kiasi cha dola, maana cha shilingi hakitakuwemo. Rudi nyuma wiki moja au mbili kuliko tarehe iliyoandikwa. Waulize wa nyumbani wanaojua namba za kadi yako. Ukikosa kabisa, funga kadi kwanza kwenye programu ya benki au kwa kupiga simu, kisha peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja, na ukifika pale utaulizwa ushahidi kwamba ulianza kwa benki yako.

Benki Kuu hiyohiyo ndiyo ninayoiomba iweke sharti la jina la ubaoni, kwa kadi na kwa simu. Wakati tunasubiri, mafundi wenzangu mnaouza, msingoje sheria. Mwambie ndugu mmoja akulipe shilingi mia tano kwenye Lipa Namba yako leo jioni, kisha akusomee jina lililotokea. Kama si lile analolijua mteja wako, kesho nenda na leseni yako kwa mtandao wako wa simu ukaombe libadilishwe. Na kama unauza nje kwa kadi, ingia kwenye akaunti ya wakala wako wa malipo utafute sehemu ya jina linaloonekana kwenye taarifa ya mteja. Wengi wa mawakala wanaruhusu ulibadilishe mwenyewe. Hesabu herufi, zisizidi 22, na lile neno wanalokuita watu liwe la kwanza.