Kambi ya baiskeli za milimani kwa watu wazima: mlima mkubwa au tuta la udongo?

Mtu mzima wa Mbeya au Iringa anayeimudu baiskeli kwenye njia za vumbi, na sasa anataka kujifunza kuruka matuta na kushuka ngazi za mawe, hukutana na swali la fedha na likizo. Alipe kambi ya siku tano mlimani, au ajiunge na wenzake wenye kocha mmoja na kiwanja chenye matuta, wafanye mazoezi kila Jumamosi kwa miezi miwili? Wengi huamua kwa kutazama picha. Picha ya mtu aliye hewani, Mlima Rungwe ukiwa nyuma yake, huishinda picha ya kiwanja cha udongo mwekundu nyuma ya shule. Kwa mtu ambaye shida yake hasa ni kuruka, uamuzi huo mara nyingi ni kinyume cha anachohitaji, ingawa upande wa mlima nao una hoja za kweli.

Mfano wa kambi hizi umetoka nchi za theluji. Kule Whistler, Kanada, lifti zinazowapandisha watelezaji wa theluji wakati wa baridi huwapandisha waendesha baiskeli wakati wa kiangazi. Kambi ya watu wazima kule, iwe ya ubao wa theluji au ya baiskeli, inauza kitu kimoja kikubwa, nacho ni marudio. Unashuka, unakosea, unasahihishwa, na baada ya muda mfupi uko juu tena na miguu haijachoka. Nyanda za Juu Kusini hatuna lifti ya namna hiyo hata moja. Tunapanda kwa kukanyaga, kwa kusukuma, au kwa pikapu inayozunguka njia ndefu ya mawe. Kambi inayoiga ratiba ya Whistler bila lifti hubakiwa na mandhari nzuri na marudio machache.

Tupige hesabu. Pikapu ikipandisha watu na baiskeli, kisha wakashuka na kukusanyika tena, mzunguko mmoja unakula zaidi ya saa moja. Siku ya saa saba itatoa mishuko sita ikienda vizuri. Njia ikiwa na matuta matatu, kila mtu ameruka mara 18, tena kila tuta lina umbo lake na kila mshuko una kasi yake. Kiwanjani, tuta moja, kocha mmoja na watu sita: kila zamu ikichukua dakika moja na nusu pamoja na maneno mawili ya kocha, saa moja ina zamu 40, karibu saba kwa kila mtu. Kwa saa tatu umeruka mara 20, juu ya tuta lilelile, kwa kasi ileile, ukijua kila mara umebadilisha nini. Mkiwa 12 badala ya sita, hesabu inaanguka hadi tatu kwa saa, na hapo kiwanja nacho kinapoteza faida yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwandaaji yeyote ni hili: kocha mmoja ana watu wangapi, na matuta mangapi yanatumika kwa wakati mmoja? Wakizidi wanane kwa kocha, mnalipia kupanga foleni.

Lakini mlima unafundisha kitu ambacho kiwanja hakina. Kiwanjani unaanzia mahali palepale, ukifika kwenye tuta kasi yako iko sawa bila wewe kuamua. Mlimani tuta linakuja baada ya kona, lina mzizi mbele yake, na kasi unaichagua mwenyewe huku mikono imeshachoka kwa kushika breki. Anayejua kiwanja peke yake hufunga breki mita mbili kabla ya tuta, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu hajazoea kupunguza mwendo mapema kisha kuiachia baiskeli. Kutazama mbali, kufunga breki kabla ya kona na si ndani yake, kupumzisha vidole penye unafuu: hayo yote yanataka mshuko mrefu.

Ipo pia hoja ya maisha ya mtu mzima. Jumamosi za huku kwetu zina wenyewe. Zina vikao vya harusi, misiba, shamba, mtoto anayesubiri kufuatwa shuleni. Mpango wa Jumamosi nane kwa watu wengi huishia kuwa wa Jumamosi nne. Aliyekwenda kambini amekwisha kuaga, simu haina mtandao, na siku zake ni zake. Hiyo si faida ndogo. Hata hivyo ujuzi wa mwili hushika vizuri zaidi mazoezi yakigawanywa kwa siku nyingi kuliko yakirundikwa pamoja, na hapo Jumamosi nne zenye marudio mengi bado zinaweza kuizidi wiki moja ya uchovu.

Kuruka kwenyewe ni jambo linaloharibika kwa sekunde moja, na ndiyo maana nasisitiza jicho la kocha. Unalikaribia tuta umesimama juu ya pedali, pedali zote mbili ziko sawa na ardhi, magoti na viwiko vimekunjwa kidogo, kiti kimeshushwa kabisa. Mguuni mwa tuta unaikandamiza baiskeli, na inapopanda unanyooka pamoja nayo, ukilisukuma tuta kwa miguu. Kosa la kwanza la watu wazima ni kukakamaa. Miguu ikiwa migumu kama nguzo, gurudumu la nyuma linapofika kwenye mdomo wa tuta, yaani ukingo wa juu wa kurukia, hurushwa juu, pua ya baiskeli huinama, na mpandaji hupita juu ya usukani. Baada ya kuona hilo, wengi huvuta usukani kwa nguvu na kujilaza nyuma, na kosa la pili huzaliwa hapo: gurudumu la nyuma hutua peke yake, la mbele hupigwa chini, mikono huchomoka. Ukitazama kwa mbali makosa haya mawili yanafanana na dawa zake zinapingana. Kocha aliyesimama chini ya njia akisubiri watu hawezi kuyatofautisha. Anatakiwa asimame ubavuni mwa tuta, hatua tatu au nne, aone magoti. Kwa sababu hiyohiyo tumia pedali bapa na kiatu cha soli bapa ya mpira. Kiatu kinachojifunga kwenye pedali hukuwezesha kuivuta baiskeli juu kwa miguu, ukadhani umejifunza kuruka.

Kabla ya kulipa, kaangalie udongo. Tuta la mwanzo linatosha likiwa na kimo cha sentimita 50 hadi 60, juu pameshindiliwa tambarare kwa mita moja na nusu hadi mbili, ili anayeishiwa kasi atue palepale juu bila kugonga ukingo. Mteremko wa kutulia uwe mrefu kuliko wa kupandia, na mlalo wake uwe mpole zaidi. Tuta lenye shimo katikati ni la watu waliokwisha kuiva. Mteremko wa kutulia ndio unaookoa mifupa, na hesabu yake inafaa ijulikane. Mtu anayeshuka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kwa kasi ya mita 4.4 kwa sekunde. Akitua pa tambarare, mwili na baiskeli hulipia kasi yote. Akitua kwenye mteremko wa nyuzi 30 huku akisonga mbele kwa kilomita 18 kwa saa, kasi inayogonga ardhi hubaki kama mita 1.3 kwa sekunde, sawa na kudondoka sentimita 9 tu pa tambarare. Kambi inayowarusha wanafunzi kutoka kwenye mwamba hadi uwanja wa tambarare, hata kama ni nusu mita, haijui kazi yake.

Udongo una majira yake. Mfinyanzi mwekundu wa Iringa hushindiliwa vizuri ukiwa na unyevu, kwa hiyo mwishoni mwa mvua, Mei na Juni, ndipo matuta huwa imara. Kufika Septemba mdomo wa tuta huwa umepasuka na vumbi linateleza, na tuta lisilomwagiliwa maji hubadilika umbo kila siku. Upande wa Rungwe majivu ya volkano hunywa maji haraka, lakini mvua za Tukuyu ni nyingi na mizizi msituni haikauki. Kitulo iko mita 2,600 na zaidi, na Juni na Julai sakitu hulala kwenye majani alfajiri. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kwenye breki, kwa hiyo ratiba ya kule ianze saa nne asubuhi, si saa moja. Kumbuka pia kwamba Kitulo ni hifadhi ya taifa, na Rungwe ni hifadhi ya misitu ya asili. Mwandaaji akuonyeshe kibali kinachotaja baiskeli, siyo risiti ya kiingilio.

Kuhusu kocha, vyeti vipo vya kimataifa, kama vile vya PMBIA, chama cha wakufunzi wa baiskeli za milimani, na vina ngazi. Uliza ngazi yake inamruhusu kufundisha nini, maana kujua kumwongoza mtu njiani si kujua kumfundisha kuruka. Kofia iwe inayofunika kidevu, iliyotengenezwa kwa baiskeli. Ya bodaboda ni nzito shingoni, inaziba hewa na masikio, na maelekezo ya kocha huyasikii. Kofia iliyopokea pigo kubwa hairudi kichwani. Aliyegonga kichwa akapata kizunguzungu au akasahau kilichotokea haendelei siku hiyo, hata akisema amepona. Kwenye viwanja vya pembeni mwa Mbeya mjini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko karibu. Kutoka juu Kitulo ni saa kadhaa za barabara ya milimani, na gari la kubeba majeruhi lisiwe lilelile linalopandisha baiskeli.

Baiskeli ya mtumba inafaa ikikaguliwa. Foki nyingi za bei nafuu ni springi tupu zisizo na mafuta ya kuzuia kurudi, na zikibonyea hurudi kwa ghafla na kumrusha mpandaji. Jaribu kuikandamiza kwa uzito wako wote kisha uiachie: gurudumu la mbele likidunda kutoka ardhini, foki hiyo ibaki kwenye tuta la sentimita 30. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi shingo ya usukani inalegalega, kaza kwanza. Tairi yenye tyubu, kwa mtu wa kilo 70 hadi 80, ijazwe psi 30 hadi 35. Ukishuka chini ya hapo, rimu huibana tyubu wakati wa kutua na kuitoboa matundu mawili sambamba.

Kwa mpangilio wangu, kiwanja kinatangulia na mlima unafuata. Ambaye bado hajaweza kutua mara kumi mfululizo kwenye tuta la sentimita 60, magurudumu yote yakigusa mteremko karibu kwa pamoja, asilipie mlima. Aliyeweza, kambi ya mlimani sasa inamfaa kweli, na siku tatu au nne zinamtosha. Maumivu ya misuli hufikia kilele siku ya pili hadi ya tatu, wakati ambapo watu wamezoeana, woga umepungua na matuta makubwa yanaanza kuonekana madogo. Omba ratiba ya maandishi kabla ya kutoa malipo ya awali, usome siku ya tatu. Ikiwa imeandikwa nusu siku, kazi nyepesi na kurudia matuta madogo, mwandaaji anawajua watu wazima. Ikiwa ndiyo siku ya tuta kubwa kuliko yote, tafuta kambi nyingine.