Nani Kasema Mungu Hamwiti Mtu Baada ya Miaka Thelathini?

Dominika ya Mchungaji Mwema, siku ya kuombea miito, baada ya Misa ya pili, mashirika ya kitawa yalipanga meza zao nje ya kanisa letu. Rafiki yangu, muuguzi wa miaka 42 ambaye hajaolewa, alisogea kuuliza kuhusu utawa. Sista aliyekuwa mezani akamwambia kwa upole, "Mama, sisi mwisho ni thelathini. Utuombee tu." Akampa kadi ya sala. Sijatulia tangu siku hiyo.

Kikomo hicho hakimo katika sheria ya Kanisa. Kanuni ya 643 inamtaka anayeingia unovisi, yaani malezi ya kabla ya nadhiri, awe ametimiza miaka 17, asiwe ndani ya ndoa, asiwe amelazimishwa. Umri wa juu haukutajwa. Huo huwekwa na mashirika yenyewe, na shirika lililoweka laweza kulegeza.

Najua wanachohofia. Baada ya unovisi kuna nadhiri za muda, miaka 3 hadi 6, pengine 9. Atafikia nadhiri za daima akiikaribia 50, na magonjwa yana gharama. Kweli pia kwamba aliyezoea mshahara wake ataona uchungu kumwomba nauli ya matatu mkuu wa jumuiya aliye mdogo kwake. Hilo nalikubali, ingawa utii umewashinda hata wasichana wa miaka 20.

Lakini tuseme ukweli kuhusu nadhiri ya ufukara. Aliyetoka kidato cha nne juzi anaahidi kuacha vitu ambavyo hajawahi kuvishika. Rafiki yangu anaacha mshahara, anaacha ploti yake Kitengela, anaacha uhuru wa kufunga mlango wake jioni. Amesomesha wadogo zake, amemzika mama yake, amewafumba macho wagonjwa wodini. Mkopo wa Sacco amemaliza, maana kanuni ya 644 inawazuia wenye madeni wasiyoweza kulipa. Mtu kama huyu akisema "natoa", ujue amehesabu.

Na Kanisa liliwahi kulijua hili. Jane Frances de Chantal alikuwa mjane mwenye watoto, umri miaka 38, alipoanzisha shirika lake mwaka 1610 pamoja na Fransisko wa Sale, na wakawapokea wajane na wanawake dhaifu wa afya waliokuwa wakikataliwa kwingine. Alphonsus Rodriguez, mjane, Wajesuiti walimkataa kwanza. Walipompokea mwaka 1571 alikuwa karibu na 40. Leo ni mtakatifu wao.

Wakurugenzi wa miito, mwiteni rafiki yangu kwa mpango wa "njoo uone". Akae nanyi mwaka mmoja kabla ya unovisi, mmpime kwa sala na kazi. Ikishindikana atarudi wodini, na leseni yake ya uuguzi bado anaihuisha.