Buck O'Neil na zamu ambayo haikufika

Kila nisomapo kwamba Buck O'Neil, mchezaji na kocha mweusi wa besiboli, alitendewa haki hatimaye mwaka 2022, hasira hunipanda. Haki gani? Alifariki Oktoba 2006 akiwa na miaka 94, nao wakubwa wa besiboli ya Marekani wakamwingiza katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Cooperstown miaka 16 baadaye, mithili ya jamaa wanaochangia jeneza la kifahari ilhali walikataa kuchangia matibabu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kwa takwimu za upigaji hakuwa Josh Gibson, mpigaji hodari wa ligi za Weusi, zile za wachezaji waliofungiwa milango ya Ligi Kuu kwa rangi yao. Alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza wa Kansas City Monarchs, timu ya ligi hizo, tangu 1938, Vita vya Pili vya Dunia vikamkatiza alipoitwa katika jeshi la wanamaji, na mwaka 1948 akakabidhiwa umeneja. Ernie Banks, aliyekuja kuwa nyota wa Chicago Cubs, alipita mikononi mwake.

Lakini linalonikera zaidi ni la mwaka 1962, pale Chicago Cubs, timu ya Ligi Kuu, walipomtangaza kuwa kocha wa kwanza mweusi katika ligi hiyo. Siku hizo Cubs hawakuwa na meneja mmoja; walikuwa na kundi la makocha waliopokezana uongozi. Zamu zilikuwa tele, ila ya O'Neil haikufika. Hata kusimama kando ya kituo cha kwanza awaelekeze wakimbiaji, mahali alipopajua kuliko wengi wao, hakuruhusiwa. Msimu ule walishindwa mechi 103. Yaelekea waliona ni heri kushindwa hivyo kuliko kuongozwa na mtu mweusi. Na ndiye aliyewasajilia Lou Brock, nyota wa baadaye, ambaye wao, kwa busara zao zilezile, walimwachia aende timu ya St. Louis mwaka 1964.

Mwaka 2006 kamati maalumu ya Ukumbi huo wa Cooperstown ilichagua watu 17 wa ligi za Weusi, wote marehemu, ikamwacha yeye aliyekuwa hai. Julai akapanda jukwaani Cooperstown kuwasemea hao 17, akawaimbisha waliohudhuria.

Wengi humsifu kwa kutoweka kinyongo, na ni kweli hakuweka, lakini sifa hiyo imewafaa zaidi waliomnyima, kwa kuwa ukarimu wake umegeuzwa hati ya kuwafutia lawama. Ningependa bamba lake la shaba kule Ukumbini litaje pia idadi ya mechi ambazo Cubs walimruhusu kusimama uwanjani kama kocha mwaka ule: sifuri.