Pimeni matope kabla ya kupanda mikoko

Shule nyingi za pwani hupanda mikoko, na ni kazi njema. Ninachopinga ni kuhesabu miche siku ya kupanda na kuandika ripoti siku hiyo hiyo. Hesabu ya kweli ni ya mwaka mmoja baadaye.

Kosa la kupanda mahali pasipofaa huanzia kwenye jina. Tunasema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja, kumbe ni aina kadhaa na kila aina ina makao yake. Mlilana husimama mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama magongo, hupenda matope laini ya kandokando ya vijito. Mkandaa hukaa nyuma. Mchu huvumilia chumvi kali. Lamba jani lake uionje. Lakini mbegu ya mkoko ni ndefu na rahisi kuokota, basi hupandwa popote, hata kwenye tambarare iliyo wazi mbele ya bahari. Huko ardhi iko chini mno: mche unazama saa nyingi, mizizi inakosa hewa, mawimbi yanaung'oa.

Kwa hiyo pimeni. Tieni fito mbili alama za sentimita. Moja isimikeni penye mikoko ya aina hiyo iliyojiotea, nyingine mnapotaka kupanda, jirani na hapo. Maji yakijaa na kutulia, zisomeni zote dakika ile ile. Kwa kuwa uso wa maji uko sawa, tofauti ya kina ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Fito ya pili ikionyesha kina kikubwa zaidi, tuseme kwa sentimita 40, ardhi hapo iko chini mno: hameni.

Mbegu iwe imeanguka yenyewe, haijatobolewa. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi moja tu izame, na miche iachane mita moja.

Pengine hata kupanda hakuhitajiki. Mikoko mingi hufa kwa sababu barabara au ukuta wa shamba la chumvi umeziba mkondo. Fungueni maji yapwe na kujaa. Miti mama ikiwa karibu, mbegu zitakuja zenyewe. Natamani kuona wanafunzi wakilifanya hili kwanza.

Wakipanda, warudi baada ya miezi 3, 6 na 12, na kila mche uliokufa uandikiwe sababu: umeng'olewa, umefukiwa na mchanga, au umekatwa na kaa.