Beetle au Peugeot 504: ipi inamsumbua mwenyewe zaidi?

Ubishi wa Volkswagen Beetle na Peugeot 504 huanzia kwenye Safari Rally. Shabiki wa Beetle atataja ushindi wa 1954, 1957 na 1962. Wa Peugeot atajibu kwa 1975 na 1978, akisahau kwamba ile ya 1978 ilikuwa coupé (gari la milango miwili) yenye injini ya V6, ya silinda sita, si saluni aliyokuwa nayo mzee wake. Kwa mwendo hakuna cha kubishania. Beetle ya 1200 ina nguvu farasi 34, 504 ya lita mbili inapita 90, na springi zake ndefu zinameza mashimo bila kumrusha abiria. Beetle za zamani nazo, ukiachia mafuta ghafla kwenye kona, mkia unaweza kukutangulia.

Ubishi wenyewe uko gereji. Beetle inasifiwa kuwa rahisi kutengeneza, na ni kweli: injini imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, mafundi wawili wanaishusha upesi. Inapozwa kwa upepo wa feni, haina rejeta wala mpira wa maji wa kupasuka. Lakini kutengenezeka kirahisi ni jambo moja, kutokusumbua ni jingine. Vali zinataka kurekebishwa kila kilomita 5,000 hivi. Oili ni lita mbili na nusu tu, inapita kwenye chujio la waya tu, bila filta ya kubadilishwa. Ukichelewa kuimwaga unajimalizia injini. Na hiyo sifa ya "haichemshi" mimi siikubali. Feni inazungushwa na mkanda uleule wa jenereta. Mkanda ukikatika taa nyekundu ya chaji inawaka, na anayesema "nifike tu pale mbele" anafika na injini iliyonoki. Za kabla ya 1971 zina ugonjwa wa ziada: kipoza oili kinaziba upepo wa silinda ya tatu, na vali yake ndiyo huungua kwanza.

504 inakuacha upumue, ila ikikosea inakosea vibaya. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini. Ikichemsha sana inapinda, gasketi inakwenda, na hedi inapelekwa kuchongwa. Ukiangalia maji na rejeta, inadumu. Slivu, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka, kwa hiyo injini iliyochoka unaiwekea slivu na pistoni mpya bila kuchonga bloku. Si ajabu stesheni wagoni zake za safu tatu za viti zilibeba abiria wa masafa marefu Kenya kwa miaka mingi.

Spea ni afadhali kwa Beetle, iliyoundwa Mexico hadi 2003. Za injini ya 504 bado zinapatikana. Milango na taa utazisaka kwenye magari yaliyokufa.

Halafu kuna kutu. Bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yake, hivyo sakafu iliyooza inabadilishika. 504 ni bodi moja, ikiliwa chini ya milango utachomelea mpaka uchoke. Ningekuwa naishi Mombasa, kwenye chumvi ya bahari, ningechukua Beetle na kununua mkanda wa akiba siku hiyohiyo. Nakuru, 504 bila kufikiria mara mbili.