Soda inatufukuzia wageni

Kwetu Tanga siku hizi mgeni akipiga hodi, mwenye nyumba anaanza hesabu kichwani. Soda ipo? Kama haipo, mtoto atatumwa dukani na pesa ipi? Nawafahamu watu wanaonyamaza kimya ndani wakijifanya hawapo, na si kwa roho mbaya. Wanaona aibu mgeni aondoke mdomo mkavu. Jambo hili linaniuma, na tangu nije kusoma huku Peshawar, Pakistan, linaniuma zaidi, maana nimeona watu wasio na kitu wakipokea wageni bila wasiwasi wowote.

Peshawar ni mji wa Wapashtuni, ambao wengine wengi wako ng'ambo ya mpaka, Afghanistan. Katika mila yao, Pashtunwali, kumkirimu mgeni ni wajibu, na wenyewe wanauita melmastia. Mgeni hupokewa awe wa kabila lolote au dini yoyote, na halipi. Akishaingia, usalama wake uko juu ya mwenyeji. Mwaka 2005 huko Kunar, Afghanistan, mwanakijiji Mohammad Gulab alimhifadhi mwanajeshi wa Marekani aliyejeruhiwa, Marcus Luttrell, na Taliban walipomdai hakutolewa. Hilo ni la vita, nalitaja tu mpime uzito wa neno mgeni kwa watu hawa.

Mimi nataka kusema habari ya chai. Huku hawakuulizi kama unataka. Unaingia, unakaribishwa "pakhair raghlay", unawekewa mto wa kuegemea, na kabla hujatamka kilichokuleta birika limeshafika. Chai ya kijani yenye iliki, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, kama vile vya wauza kahawa wetu. Pembeni kuna kipande cha sukari guru au lozi zilizovikwa sukari. Ukimaliza unajaziwa, ukimaliza unajaziwa, mpaka ufunike kikombe kwa kiganja. Nimeinywa chai hii kwenye jumba lenye magari uani, nikainywa kwenye nyumba ya udongo ya mlinzi wa hosteli yetu, na ilikuwa ile ile. Mwenye uwezo ataongeza pilau na nyama, sawa. Lakini asiye nao akishaweka birika mbele yako ametimiza, wala hakuna wa kumsema.

Sisi tunauliza, "Utakunywa nini?" Mgeni mwenye adabu anajibu, "Nashukuru, nimetoka kunywa sasa hivi." Mwenyeji anashusha pumzi, mazungumzo yanafupishwa, mtu anaaga. Naamini swali lile ndilo linalomfukuza, na tumelianza tulipoamua kwamba chai si kitu cha kumpa mgeni, kwamba heshima yake iko kwenye chupa ya dukani.

Si kila cha huku nakipenda. Hujra, chumba cha kupokelea wageni, ni ya wanaume. Mimi mwanamke hupelekwa ndani, na huko ndani ndiko ninakouona mzigo wenyewe: mabinti wako jikoni tangu asubuhi, mikate inatoka tanurini, birika moja likirudi jingine linaondoka, na sifa zote za ukarimu zinakwenda kwa baba aliyekaa hujra. Nimewahi kumsaidia mwenzangu kuosha vikombe baada ya wageni wa kaka zake, ambao yeye hakuwaona hata sura. Kwetu mama hukaa na mgeni wake wakazungumza mpaka jua linazama. Hilo tusiliache kamwe.

Ila chai tungeirudisha. Mchaichai unaota uani kwetu bila kununuliwa, na tangawizi haikosekani. Nimeshamwomba mama nikija likizo asinunue soda hata moja. Atakayekuja kunisalimia, awe shangazi au jirani, nitamletea birika, wala sitamuuliza kama amekunywa.